Handaki, Ugo na Boma: Maneno ya Uzio na Historia ya Makazi ya Vijijini katika Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ziko mahali ambapo matawi mawili ya lugha za Kibantu za Maziwa Makuu hukutana. Upande wa magharibi, kwenye vilima vinavyotazama mito ya Ruvubu na Kagera, Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kiha na Kinyarwanda. Upande wa kaskazini na mashariki, Kihaya na Kizinza ni ndugu wa Kinyankore na Kinyoro. Mipaka ya tawala za zamani nayo ilipita humo humo: Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuitenga, Bushubi ilikuwa na watawala wake, na Rusubi, ambayo misafara ya pwani iliiita Usui, ilitawaliwa na ukoo uliojihesabu miongoni mwa Wahinda, kama ule wa Karagwe.

Hata hivyo, anayetafuta historia ya makazi ya kale ya eneo hili katika vitabu vya akiolojia huishia kupelekwa kwingine. Hupelekwa kaskazini, hadi nyanda za malisho za Uganda ya magharibi, ambako kuna mahandaki makubwa yaliyochimbwa kabla ya karne ya 17. Mahandaki hayo yamepimwa, yamechimbuliwa na kuandikiwa makala nyingi. Vilima vya Ngara na misitu ya Biharamulo havikupewa nafasi ya namna hiyo, kwa sababu waliokaa huko waliweka mpaka wa makazi yao kwa miti na matete, na miti na matete havidumu ardhini kama handaki linavyodumu.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ni ya vifaa, wala si ya ustaarabu. Hoja yake kuu ni kuwa handaki la Katonga na ua wa miti wa Ngara ni majibu mawili ya swali moja, yaani nani ni wa ndani, na nani ana haki ya kuingia. Ushahidi wa hoja hiyo umo katika maneno. Aidha, mhadhara unadai kwamba mazoea ya kufasiri kila uzio kwa neno moja, ama ngome ama boma, yameficha ukweli huo. Na kwamba kosa hilo la tafsiri halikubaki vitabuni, bali lilifika hadi kwenye milango ya watu.

2.0 Mahandaki ya Katonga na Majirani Zake

Handaki mashuhuri kuliko yote katika Afrika ya Mashariki ni Bigo bya Mugenyi, lililoko kusini mwa mto Katonga, katika wilaya ya Sembabule nchini Uganda. Si handaki moja bali ni mfumo wa mahandaki, wa ndani na wa nje, wenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10. Baadhi ya sehemu zake zimekatwa katika mwamba na kufikia kina cha karibu mita 4. E. J. Wayland alilieleza katika jarida la Uganda mwaka 1934. Peter Shinnie alilichimbua mwaka 1957, naye Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Vipimo vya kaboni viliweka matumizi yake hasa kati ya karne ya 14 na ya 16.

Bigo si peke yake. Liko handaki la Munsa, katika wilaya ya sasa ya Kakumiro, linalozunguka kilima cha mawe. Na liko la Kibengo, karibu na Ziwa Albert. Katika miaka ya 1990 Peter Robertshaw alifanya kazi katika maeneo hayo, na huko Munsa zilipatikana tanuri ya kuyeyushia chuma, makaburi na shanga za kioo. Shanga hizo ni ushahidi kwamba bidhaa za Bahari ya Hindi zilifika mbali barani, zikipita mkono kwa mkono, karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19.

Si mbali na Bigo uko mji wa kale wa Ntusi, ambao hauna handaki kubwa la kuuzunguka. Ulianza kukaliwa mnamo karne ya 11 na ukaachwa mnamo karne ya 15, ukiwa umeenea katika takriban hekta 100. Vichuguu vyake vikubwa ni majalala: mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu na taka za karne kadhaa. Utafiti wa Andrew Reid ulionyesha kuwa wakazi wake walikuwa wafugaji na wakulima kwa pamoja. Mifupa mingi ni ya ng'ombe wachanga, jambo linaloashiria mifugo mingi iliyosimamiwa kwa mpango. Na mawe ya kusagia pamoja na visu vya kuvunia yanathibitisha kilimo cha nafaka.

Sasa, mahandaki haya yalikuwa ya nini? Jibu la kwanza lililowajia watafiti lilikuwa vita. Lakini handaki lenye urefu wa kilomita kadhaa huhitaji maelfu ya walinzi ili liwe kizuizi, na eneo lililozungushiwa Bigo ni kubwa kupita mahitaji ya kikosi chochote kinachoweza kukadiriwa kwa wakati ule. John Sutton, katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu vitangulizi vya falme za Maziwa Makuu, alisisitiza kuwa maeneo haya hayana budi kusomwa kwa kuangalia uchumi wa ng'ombe na nafaka, badala ya kuyatafutia wafalme wa hadithi. Handaki linaweza kuzuia ng'ombe wasitoke usiku na wasiingie mashambani mchana. Linaweza pia kumwambia mpita njia kwamba malisho na maji ya ndani yana mwenyewe. Na kwa kuwa kulichimba kulihitaji kazi ya watu wengi, handaki lenyewe lilikuwa tangazo kwamba yuko mtu au ukoo wenye uwezo wa kuwakusanya watu hao.

Hali hii si ya Afrika ya Mashariki peke yake. Nchini Uingereza kuna makazi ya kale zaidi ya 5,000 yaliyozungushiwa handaki la maji, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya mwaka 1200 na 1325, hasa katika udongo mzito wa Essex na Suffolk. Wanahistoria wa nchi hiyo wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba mengi yalikuwa alama ya hadhi ya mwenye shamba kuliko kinga ya vita, na kwamba yalienea zaidi pale ambapo nyumba zilitawanyika mashambani badala ya kusongamana kijijini. Nchini Nigeria, mtandao wa makingo na mahandaki ya Waedo kuzunguka Benin, ambao Patrick Darling alikadiria kuwa na urefu wa kilomita 16,000, kwa sehemu kubwa ni mipaka ya jamii za vijijini na mashamba yao. Kwa hiyo, katika mabara mawili tofauti, handaki la mashambani ni habari ya ardhi, hadhi na ujirani kabla ya kuwa habari ya jeshi.

3.0 Wageni wa Mugenyi

Ikiwa ndivyo, ni nini kilichofanya Bigo lisomwe kwa muda mrefu kama ngome ya watawala waliotoka mbali? Sehemu ya jibu imo katika jina lenyewe. Bigo ni wingi wa kigo, uzio au ngome. Mugenyi, katika masimulizi, ni jina la mmoja wa Wachwezi. Lakini pia ni neno la kawaida lenye maana ya mgeni, na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili hulitambua mara moja. Kwa hiyo jina la mahali lilifasiriwa kuwa "ngome za mgeni", na maneno mawili ya tafsiri hiyo yakawa nadharia kamili: ngome, basi palikuwa na vita, mgeni, basi aliyejenga alitoka kwingine.

Nadharia hiyo ilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu safari ya kutafuta chanzo cha mto Naili, John Hanning Speke alidai kuwa watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa watu kutoka Uhabeshi. Speke alipita Usui mwishoni mwa mwaka 1861, akacheleweshwa na madai ya hongo ya mtawala anayemwita Suwarora, kisha akaingia Karagwe kwa Rumanika. Aliona wafugaji na wakulima, aliona nyua za watawala, akaamua kwamba wafugaji waliwaletea wakulima dola. Madai hayo, ambayo baadaye yalikuja kuitwa nadharia ya Wahamiti, yalitumiwa na wengi waliofuata kueleza kila kitu kikubwa kilichoonekana katika eneo hilo, mahandaki yakiwemo.

Kuhusu Wachwezi wenyewe, Christopher Wrigley alipinga mwaka 1958 wazo la kuwachukua kama nasaba ya kihistoria, akiwaona kuwa ni miungu iliyovishwa sura ya wafalme. Masimulizi ya Kinyoro huwafanya watawala waliotoweka. Lakini katika maisha ya dini ni pepo wanaopanda vichwani mwa watu. Chama cha Buswezi, ambacho Hans Cory alikieleza mwaka 1955 miongoni mwa Wasumbwa, kusini mwa Biharamulo, ni tawi la imani hiyo hiyo. Njia ya Wachwezi ilipita katika nchi inayozungumziwa hapa bila kuhitaji handaki hata moja. Hilo peke yake linatosha kuwatenga na mahandaki kwa upande wa hoja: handaki ni jambo moja, na imani iliyokuja kulieleza ni jambo jingine.

4.0 Ukoo wa Mzizi -go

Isimu ya kihistoria inaweza kusaidia pale ambapo jembe la mwanaakiolojia halipati kitu. David Schoenbrun alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba msamiati wa kilimo, ufugaji na utawala wa Maziwa Makuu unaweza kupangwa kwa matabaka ya wakati. Hapa itatosha kufuata mizizi miwili tu.

Mzizi wa kwanza ni -go. Katika Kinyarwanda, Kirundi na lugha ndugu zake, urugo ni uzio wa kaya na pia ni kaya yenyewe: nyumba, ghala, zizi, na watu waliomo. Kujenga urugo ni kuoa na kuanzisha familia. Ukibadilisha kiambishi, ukaweka cha ngeli ya ki-, unapata ikigo au ekigo, uzio mkubwa; na hilo ndilo neno lililo katika jina la Bigo. Yaani jina lile lililofasiriwa "ngome" ni neno la nyumbani lililokuzwa kwa kiambishi. Katika Kinyarwanda cha leo, ikigo kimesogea mbele zaidi na kuwa taasisi: shule ni ikigo, wakala wa serikali ni ikigo, na kambi ya askari ni ikigo. Kilichobaki katika maana hizo zote si handaki wala silaha, bali ni wazo la ndani na nje, la watu walio chini ya mamlaka moja.

Kiswahili nacho hakikukosa urithi huu. Kamusi zake zinalo neno ugo, lenye maana ya ua au boma. Kiambishi uru- cha Kinyarwanda hulingana na u- ya Kiswahili, kama ururimi linavyolingana na ulimi. Kwa hiyo urugo na ugo ni neno moja katika vinywa viwili. Mswahili wa pwani na Mhangaza wa Ngara walikuwa na neno moja la uzio kabla ya msafara wowote kuwakutanisha.

Mzizi wa pili ni -rembo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, irembo ni mwingilio wa ugo, mahali ambapo mgeni husimama na kubisha. Katika Kinyankore, orurembo ni makao makuu ya mfalme. Mabadiliko hayo ya maana yana mantiki yake: anayemiliki lango kubwa kuliko yote ndiye mtawala, na kwenda kwa mfalme ni kwenda langoni kwake. Mwanafunzi na aonywe tu asiunganishe neno hili na urembo wa Kiswahili, kwani kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Dalili kwamba wazo la irembo lingali hai ni kuwa katika miaka ya 2010 nchi ya Rwanda iliupa mfumo wake wa huduma za serikali kwa intaneti jina hilo hilo, Irembo.

Mizizi hii miwili ikiwekwa pamoja, picha inayojitokeza ni ya makazi ya kutawanyika yenye mpangilio madhubuti. Kila kaya ina ugo wake. Nyua kadhaa hukaa juu ya kilima kimoja, umusozi, na kilima ndicho kitongoji. Hadi leo kilima ni ngazi rasmi ya utawala nchini Burundi. Kwa Wahaya, ambao nyumba zao zimezungukwa na migomba, kipande cha kaya huitwa kibanja, na mkusanyiko wa vibanja katikati ya nyika, yaani rweya, ndio kijiji. Ua wa mtawala huitwa ikikale au kikale. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji watu wajenge ukuta kwa ukuta, wala handaki la kuwafunga pamoja.

Ugo wa nchi hii ulikuwa kitu hai. Ulipandwa kwa minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe ambayo Kinyarwanda huiita imiyenzi, na kwa miti ya jamii ya mkuyu ambayo magome yake yalitoa vitambaa. Matete yalisokotwa kati ya miti hiyo. Kaya ikihama au mtawala akifa, matete huoza, lakini miti hubaki na kukua. Nchini Rwanda mabaki ya miti ya nyua za wafalme yana jina lake maalumu, ikigabiro, na yaliheshimiwa kwa kutokatwa. Watawala wengi wa eneo hili walihamisha makao yao, na Bweyorere ya Nkore, iliyochimbuliwa na Posnansky, ni mfano wa makao ya namna hiyo. Kwa hiyo falme zilizojulikana vyema kihistoria hazikuacha mahandaki, na mahandaki makubwa hayana ufalme unaojulikana kwa hakika. Anayepima ukubwa wa dola kwa kina cha shimo atakuwa amepima kitu kingine.

Mfano wa pwani huweka jambo hili wazi zaidi. Kaya za Wamijikenda, ambazo kadhaa kati yake ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, zilikuwa makazi yaliyozungukwa na msitu, yakiingiwa kwa njia na malango maalumu. Msitu ulifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na handaki. Neno hilo hilo, kaya, katika Kiswahili cha sensa ni watu wanaokula chungu kimoja. Uzio umekwisha, maana yake ya ndani imebaki.

5.0 Boma na Kijiji

Kiswahili kilipoingia bara pamoja na misafara, kilikuja na maneno yake ya kuzungushia. Handaki limetoka Kiarabu, ambacho nacho kililipata kutoka Kiajemi, na kwa Waislamu linakumbusha Vita vya Handaki vya Madina mwaka 627. Ngome iliwakumbusha watu wa pwani jengo la Wareno la mwaka 1593 huko Mombasa. Maneno yote mawili yalibeba harufu ya vita. Boma halikuwa hivyo lazima. Lilikuwa uzio wowote wa miiba au miti, wa ng'ombe au wa watu. Wapo wanaodai kwamba neno hili ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya utawala wa kikoloni. Dai hilo halina msingi, kwani Stanley alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872, wakati ambapo Tanganyika haikuwa na mtawala wa Kiingereza wala wa Kijerumani.

Ni kweli kwamba katika karne ya 19 boma lilipata maana ya kivita, na lilikuwa na sababu. Watuta, tawi la Wangoni, walivamia nchi za kusini mwa Ziwa katikati ya karne hiyo, na Usui haikunusurika. Unyamwezini vijiji vingi vilizungushiwa magogo. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe ilipitia huko kwanza, ikazoea kuona uzio kama kinga, kisha ikapanda kaskazini ikiwa na neno hilo mkononi. Kila ugo uliokutwa njiani ukawa boma, na kila boma likawa dalili ya hofu.

Wajerumani walikamilisha mabadiliko hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga jengo lao la kuta nene pale Biharamulo, nalo likaitwa boma, kama lilivyoitwa kila jengo la namna hiyo nchini. Tangu hapo boma ni makao ya serikali ya wilaya, na kwenda bomani ni kwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Safari ya neno hili inashabihiana kabisa na ile ya ikigo: kutoka uzio hadi taasisi. Tofauti ni kwamba ikigo kilikua kutoka ndani ya ugo wa watu, ilhali boma la Biharamulo lilijengwa juu yao.

Utawala uliokaa katika boma la aina hiyo ulipotazama nje, haukuona vijiji. Uliona nyumba zilizotapakaa vilimani na vichakani. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kuwakusanya watu wa maeneo yenye mbung'o katika makazi ya pamoja ili kupambana na ugonjwa wa malale, na nyanda za misitu ya Biharamulo ziliguswa na sera hiyo. Helge Kjekshus alionyesha mwaka 1977 kwamba kutawanyika kwa makazi na kulima kwa mapana kulikuwa sehemu ya namna wenyeji walivyouzuia msitu na mbung'o wake. Watu wakiondolewa, msitu hurudi. Kilichoonekana kuwa ukosefu wa mpango kilikuwa mpango wenyewe.

Baada ya uhuru swali lilirudi kwa nia tofauti. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Ujamaa Vijijini, uliotaka watu wakae pamoja kwa hiari ili wapate shule, maji na zahanati kwa usawa. Mnamo Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri ya kutekelezwa kufikia mwisho wa mwaka 1976, na Sheria ya mwaka 1975 ikaweka vijiji katika mfumo wa utawala. Kufikia mwaka 1977 nchi ilikuwa na vijiji zaidi ya 7,000 vilivyosajiliwa. Nia ya huduma ilikuwa njema, na shule nyingi zilizojengwa wakati ule zingali zikifundisha. Lakini neno kijiji lilikuwa limefungwa katika sura moja tu: nyumba zilizopangwa kwa safu, kando ya barabara.

Katika mkoa wa Ziwa Magharibi, uliopata jina la Kagera mwaka 1979, matokeo yalitofautiana kulingana na kile kilichoonekana kwa macho. Jannik Boesen na wenzake, waliouchunguza mkoa huo katika kitabu cha mwaka 1977, waliandika kwa kina juu ya ujamaa ulioshuka kutoka juu. Mahali palipokuwa na migomba minene ya kudumu, kama Bukoba, kijiji kilitambulika, na mara nyingi kilisajiliwa pale pale kilipokuwa. Mahali palipokuwa na nyua zilizotawanyika, watu walihesabiwa kuwa hawana kijiji, basi walihamishwa. Waliacha nyuma miti ya ugo iliyopandwa na babu zao, makaburi, na mashamba yaliyorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi. Hawakuwa watu wasio na makazi. Walikuwa watu ambao neno la makazi yao halikuwa na tafsiri katika lugha ya waraka.

Hapa ndipo uzito wa tafsiri unapoonekana. Laiti urugo lingefasiriwa kwa neno ugo, ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari, na laiti umusozi ungeeleweka kuwa ni jumuiya wala si kilima tu, ofisa angalau angelazimika kueleza kwa nini jumuiya moja ivunjwe ili nyingine iundwe. Lakini mahali pasipo na neno, hakuna anayedaiwa maelezo.

6.0 Hitimisho

Mahandaki ya Bigo, Munsa na Kibengo ni kazi kubwa za mikono ya Waafrika wa karne ya 14 hadi ya 17, na yanastahili heshima yote yanayopewa. Hayastahili kufanywa kipimo cha kuwadharau majirani waliotumia minyaa na matete. Ushahidi wa maneno unaonyesha kwamba mchimbaji wa Katonga na mpandaji wa ua wa Ngara walishiriki msamiati mmoja wa ndani na nje, wa lango na mwenye lango. Na kwamba msamiati huo ulienea hadi kwa Mswahili wa pwani.

Kutokana na hayo, kazi mbili zinawangoja wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, ni kukusanya kwa utaratibu maneno ya makazi katika Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza: majina ya sehemu za ugo, ya miti ya uzio, ya aina za mahame, na ya haki za kuingia na kupita. Wazee walioishi ndani ya nyua kabla ya mwaka 1974 wanazidi kupungua, na kila mmoja anaondoka na msamiati ambao hakuna handaki litakaloutunza. Pili, ni kuzipitia upya kamusi za Kiswahili, ili maneno kama ugo, kaya, ua, boma, ngome na handaki yasielezwe kana kwamba ni visawe. Kamusi inayosema kuwa ugo ni boma, ikaishia hapo, inarudia kosa la msafara.

Wanaakiolojia nao watafaidika. Anayekwenda Ngara kutafuta mashimo atarudi mikono mitupu. Anayekwenda akiwauliza wenyeji ni wapi palipo na mikuyu mizee isiyokatwa, na kwa nini haikatwi, ataonyeshwa lango.